Mkanda wa Mashine

Mimi ndiye niliyekuwa nazima mashine.
Andikeni hilo kwanza, kama mnaandika.

Chumba cha pumba nilimpangisha Lwitiko
mwaka ule baridi ya Juni ilipounguza viazi Uyole.
Alikuja na kompyuta imeviringishwa blanketi kama mtoto mchanga,
spika moja, na maneno mengi.
Akabandika trei za mayai ukutani hadi juu.
Nikadhani anataka kufuga kuku.

Kodi ililipwa na kwaya za Wamoraviani.
Usiku ndipo alipofanya ya kwake.
Alinasa kila kitu: mahindi yakimwagwa kwenye debe, chaaa,
koleo likianguka sakafuni,
kikohozi cha marehemu mume wangu, mara mbili,
nacho nakisikia hadi leo katika wimbo wa kijana wa Tunduma
asiyemjua mzee Mwasomola kwa sura wala kwa jina.

Mistari aliandika nyuma ya mifuko ya unga,
anafuta, anarudia, anatoka nje kuuliza wanawake:
"Mama zangu, 'njaa' inaishia sawa na nini?"
"Na 'kukaa'. Na 'kung'aa'.
Na 'toka hapa, foleni imejaa'."
Hilo la mwisho alilitumia.

Akiwa tayari hugonga bati mara tatu.
Nami huvuta swichi.
Foleni inaguna, mtu anarekodi,
ugali wa Mwanjelwa unangoja dakika tatu.

Kaka Baridi alikuja na viatu vyeupe katika tope la Machi.
Sauti alikuwa nayo, sikatai.
Maneno hakuwa nayo hata moja.
Lwitiko akampa mistari, akampa mdundo,
akamfundisha na pa kupumulia.
Siku hiyo nilichelewa, foleni ilifika barabarani.
Bati likagongwa tatu, tena tatu,
nikavuta swichi kwa hasira,
mashine ikashuka vuuuuu,
mkanda ukalia mwishoni kama ndama,
kumbe yeye ndani alishaanza kunasa.
"Usifute," nilimsikia akijiambia. "Wimbo uanzie hapo."

Laki moja na koti. Ndiyo malipo.

Mwenye redio anajua yaliyofuata.
Ulipigwa harusini Vwawa, kwenye malori ya Zambia,
kwa kinyozi wa Sokomatola mchana kutwa.
Watangazaji walitaja mtunzi, mtayarishaji, studio:
majina matatu ya Dar, hata moja si lake.
Kuhusu ule mwanzo, wengine walisema ni ndege inatua Songwe.
Wengine, treni ya Tazara.
Nilinyamaza, pishi mkononi.

Lwitiko akateremka Dar. Miaka miwili.
Sikuuliza alilala wapi.
Alirudi na ndevu, na bahasha ya wakili.
"Wanasema nithibitishe."
Akaweka kinasa sauti juu ya gunia.
"Zima, mama."
Nikazima.
Mashine ikanyamaza kistaarabu.
"Tena."
Nikawasha, nikazima.
Mkanda, mwanangu. Niliubadilisha.
Huu mpya, nimeununua Kabwe, risiti ninayo.

Sijapata kuona mtu akikaa chini vile, kwenye pumba.

Ule wa zamani tuliutafuta siku mbili.
Ulikuwa Ilomba kwa Atuganile,
umefungia mlango wa banda la nguruwe,
naye akadai kamba badala yake, na nusu debe juu.
Tukaurudisha kwenye puli, umechanika, unanuka.
Lwitiko akainua kidole.
Nikavuta.

Vuuuuu. Kisha yule ndama.

Mbele ya foleni binti mmoja, mtoto mgongoni,
akaanza kutikisa kichwa,
akaudaka mstari wa kwanza, wa pili,
akafika hadi "foleni imejaa" bila kukosea neno,
halafu akatutazama: mbona mmesimama?

Kesi bado. Imeahirishwa mara nne.
Mimi nilimwambia binti asogeze debe lake.